Foleni ya Wimbledon: jinsi ya kupata tiketi kwa kupanga mstari

Tiketi nyingi za mashindano ya tenisi ya Wimbledon huwa na wenyewe miezi kadhaa kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Sehemu kubwa hutolewa kwa droo, utaratibu ulioanza mwaka 1924: unaomba, unangoja, na droo ndiyo inayoamua siku na uwanja. Jina lako lisipotoka, umekosa. Hata hivyo All England Club, klabu iliyoanzisha mashindano haya mwaka 1877, bado inauza tiketi kila siku kwa watu waliojipanga nje. Ndiyo maana mtu asiye na uanachama, asiye na mwaliko na asiyejuana na yeyote anaweza kufika London, akasubiri zamu yake, akalipa, na mchana huohuo akaketi mita chache kutoka kwa mchezaji aliyezoea kumwona kwenye televisheni. Waingereza huiandika foleni hii kwa herufi kubwa, kama jina la mtu, na wanaiheshimu kwa kiwango hichohicho.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Utakachokiona kinaamuliwa na namba iliyo kwenye kadi ya foleni unayopewa ukifika, na namba hiyo inaamuliwa na saa uliyofika. Maandalizi yote yanayofuata ni ya kuilinda namba hiyo mpaka ifike kwenye dirisha la tiketi.

Halafu kuna suala la saa zenyewe. Humu zimehesabiwa kwa Kiswahili. Ratiba na matangazo ya Wimbledon huandika kwa mtindo wa saa 24: 10:00 ni saa 4 asubuhi, 13:30 ni saa 7 na nusu mchana, 22:00 ni saa 4 usiku. Ukichanganya unapotea kwa saa sita nzima, na kwenye foleni hii saa sita ni maelfu ya watu mbele yako.

Namba na maana yake

Kila siku hutengwa tiketi zipatazo 500 za Centre Court, yaani uwanja mkuu, nyingine kama 500 za Uwanja Namba 1, na 500 hivi za Uwanja Namba 2, zote kwa ajili ya watu wa foleni. Centre Court huondolewa kwenye mpango huo siku nne za mwisho, yaani kuanzia Alhamisi ya wiki ya pili hadi fainali ya Jumapili, kwa sababu tiketi zake zote za siku hizo huuzwa mapema. Kwa hiyo mtu anayelala nje ya geti usiku wa kuamkia fainali akidhani ataiona kwa macho yake amejidanganya.

Hesabu ni rahisi. Kadi namba 1 hadi 500 hivi ina nafasi ya Centre Court. Kuanzia hapo hadi 1,000 hivi ni Uwanja Namba 1, na hadi 1,500 hivi ni Uwanja Namba 2. Mipaka hii hulegea kidogo, maana walio mbele huchagua wenyewe. Siku ambayo Uwanja Namba 1 una mechi tamu zaidi, wengi wa kwanza huukimbilia huo, na mwenye kadi namba 600 anaweza kujikuta akiulizwa kama anaitaka Centre Court. Ratiba ya mechi hutoka jioni ya siku iliyotangulia. Isome ukiwa foleni, ujue utajibu nini utakapoulizwa, kwa sababu asubuhi hutapewa muda wa kutafakari.

Zaidi ya 1,500, unachopata ni tiketi ya viwanja vya nje. Inakuingiza ndani ya eneo lote na kukuruhusu kuketi kwenye viti visivyo na namba, au kusimama, katika Uwanja Namba 3 hadi Namba 18. Mwaka 2025 iliuzwa karibu pauni 30 kwa siku za mwanzo, na bei yake hushuka wiki ya pili. Tiketi za Centre Court huenda kinyume: zinapanda kadiri mashindano yanavyosonga.

Wengi huiona tiketi hii ya nje kama zawadi ya aliyechelewa. Katika wiki ya kwanza si kweli hata kidogo, na ukilazimika kuchagua, ichukue bila kusita. Mashindano ya mmojammoja yana wanaume 128 na wanawake 128, hivyo raundi ya kwanza peke yake ni mechi 128, na zote zinatakiwa ziishe Jumatatu na Jumanne hali ya hewa ikiruhusu. Zinachezwa kwenye viwanja 18 kwa wakati mmoja, na wachezaji wenye majina makubwa hujikuta kwenye viwanja vidogo ambako mtazamaji wa mstari wa mbele anasikia pumzi zao. Mechi ndefu kuliko zote katika historia ya tenisi ya kulipwa haikuchezwa Centre Court. Ilichezwa Uwanja Namba 18 mwaka 2010, John Isner dhidi ya Nicolas Mahut, saa 11 na dakika 5 zilizogawanyika katika siku tatu, na seti ya mwisho ikaisha 70 kwa 68.

Wiki ya pili mizani inageuka. Wachezaji wa mmojammoja wamebaki wachache na wamehamia viwanja vikubwa. Kwenye viwanja vya nje zimebaki mechi za wawiliwawili, za vijana na za viti vya magurudumu. Ni tenisi nzuri, tena foleni huwa fupi, lakini kama ulikuja kwa ajili ya majina basi lenga kadi ya chini ya 1,500 au usubiri mwaka mwingine.

Ufike saa ngapi

Anayetaka Centre Court analala bustanini, Wimbledon Park, ambako foleni hupangwa. Hakuna njia ya mkato. Walioshika namba za mwanzo kabisa huwa wamefika asubuhi au mchana wa siku iliyotangulia, na siku yenye mechi inayosubiriwa na nchi nzima hata mchana ni kuchelewa. Anayeridhika na viwanja vya nje anaweza kulala hotelini na kuja alfajiri kwa treni za kwanza.

Ipo pia njia ya tatu ambayo watalii huisahau: kuja alasiri. Eneo lote linabeba watu wapatao 42,000 kwa wakati mmoja, na likijaa mtu huingia pale tu mwingine anapotoka. Kuanzia saa 10 alasiri wenye watoto na wenye safari ndefu huanza kuondoka, na mstari husogea. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo aliyeingia saa 11 jioni bado ana saa tatu au nne za tenisi. Kwa mtu mwenye siku moja tu jijini na shughuli nyingine asubuhi, hii ndiyo njia yake. Kabla ya kutoka, angalia hali ya foleni kwenye programu ya simu ya Wimbledon. Klabu hutangaza humo ikiwa mstari umekuwa mrefu kiasi kwamba haifai kuja.

Kila siku ina foleni yake. Huwezi kupanga leo kwa ajili ya keshokutwa, na kadi ya jana haina thamani leo.

Vitu vya kubeba, na vitakavyokukwamisha

Weka programu ya Wimbledon kwenye simu na ufungue akaunti ya myWimbledon ukiwa bado nyumbani kwenye mtandao wa uhakika. Bustanini maelfu ya simu hugombania mnara mmoja. Beba kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi yako, kwa sababu malipo ni ya kadi au simu, si noti. Hakikisha benki yako haitaizuia kadi kwa kuona muamala wa kigeni. Dirishani hutakuwa na muda wa kupiga simu. Pawabenki iliyojaa ni ya lazima kwa anayelala.

Mtego mkubwa ni begi. Ndani ya uwanja kila mtu anaruhusiwa begi moja lisilozidi sentimita 40 kwa 30 kwa 30. Hilo ni begi dogo la mgongoni. Anayelala bustanini anahitaji vitu vingi zaidi ya hivyo, kwa hiyo funga mizigo miwili tangu mwanzo: mmoja mdogo utakaoingia nao, mwingine wa hema na matandiko utakaouacha sehemu ya kutunzia mizigo. Mtu aliyetupia kila kitu kwenye begi moja kubwa huishia kumwaga nguo majanini saa 12 asubuhi huku wenzake wanamwangalia.

Viti vya kukunja, vijiti vya kupigia picha, bendera kubwa, masanduku magumu ya barafu na lenzi za kamera zinazozidi milimita 300 haviingii. Chakula chako unaruhusiwa kuingia nacho, na ni vizuri ufanye hivyo. Hata kilevi kinaruhusiwa kwa kipimo: kwa kila mtu chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, au kopo mbili za bia za mililita 500. Pombe kali hapana.

Kuhusu mavazi, kanuni ya nguo nyeupe inawabana wachezaji tu. Wewe vaa kwa tabaka. Usiku wa Juni unaweza kushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi au chini ya hapo, na mchana wa siku hiyohiyo ukapanda hadi 28. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, kwa kuwa ukiwa kitini mwavuli unamziba wa nyuma. Krimu ya kukinga jua na kofia si anasa: viwanja vya nje havina kivuli, na watu wengi huungua hapo kwa sababu upepo wa baridi unawadanganya.

Kufika kwenye mstari

Shuka Southfields, usishuke Wimbledon. Kosa hili hufanywa kila siku na watu wanaofuata jina. Kituo cha Southfields kiko kwenye laini ya District ya treni za chini ya ardhi, ile ya rangi ya kijani, kwenye tawi linaloelekea Wimbledon. Ukitoka kituoni fuata barabara ya Wimbledon Park Road kwa mwendo wa kama dakika 15. Mabango yapo, na wasimamizi wapo. Nauli unagusisha kadi ya benki kwenye geti unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugusisha wakati wa kutoka utakatwa nauli ya juu kabisa.

Mstari wenyewe uko ndani ya bustani ya Wimbledon Park, kwenye majani, ng'ambo ya viwanja. Usitafute mwisho wake kwa macho. Mwulize msimamizi, naye atakuelekeza kwenye bendera inayoonyesha mwisho wa foleni ulipofika. Hapo ndipo utapewa kadi yako yenye tarehe na namba, pamoja na kijitabu cha kanuni. Kisome. Kijitabu hicho ni sheria ya mahali hapo.

Kadi ni ya mtu mmoja, na tiketi ni moja kwa kila kadi. Haihamishiki. Huwezi kumshikia nafasi rafiki aliye njiani, na rafiki huyo akija hawezi kuungana nawe mbele. Atapewa kadi ya mwisho wa mstari kama mwingine yeyote. Kundi linalotaka kuketi pamoja lazima lifike pamoja. Hapa ndipo wageni wengi hukwaruzana na wenyeji. Mtu anayekuja mikono mitupu asubuhi na kujisogeza kwenye hema la wenzake kwa tabasamu hujiona kama anajiunga na jamaa zake. Kwa walio nyuma amechomekea, na kwa Mwingereza kuchomekea ni kosa la tabia kabla hata halijawa kosa la kanuni. Hawatapiga kelele. Watamwita msimamizi, na msimamizi ataangalia namba.

Unaruhusiwa kuondoka kwa muda mfupi, usiozidi dakika 30, kwenda chooni au kununua chakula. Mwambie jirani wa mbele na wa nyuma kila unapoondoka. Si takwa la kijitabu bali ndilo linalokuokoa, kwa sababu msimamizi akikagua, majirani hao ndio mashahidi wako. Kuacha hema limesimama na wewe kwenda kutembea mjini mchana kutwa hakukubaliki. Foleni inahesabu watu, haihesabu mahema.

Usiku bustanini

Hema lisizidi la watu wawili. Makubwa zaidi hukataliwa, na vibanda vya turubai visivyo na kuta pia, kwa kuwa nafasi ni ya mstari. Chagua hema linalosimama lenyewe bila kamba nyingi; utakuwa umebanwa kati ya majirani na kamba zako zitakuwa mitego ya miguu gizani. Chini tandika turubai au mkeka usiopitisha maji kabla ya godoro. Hata usiku usio na mvua, umande wa alfajiri huloanisha kila kitu kilichogusa majani, viatu vikiwamo. Viingize ndani.

Moto hauruhusiwi: si jiko la mkaa, si jiko la gesi. Uvutaji wa sigara pia umekatazwa. Ukitaka chakula cha moto kuna vibanda vya kuuza, na watu huagiza piza kwa simu ikaletwa hadi kwenye geti la Wimbledon Park Road. Agiza mapema, maana saa 4 usiku ndiyo mwisho wa kupokea, na saa hiyohiyo ndiyo ya kuzima muziki na kupunguza sauti. Vyoo na maji ya kunywa vipo. Mabafu ya kuogea usiyategemee. Beba taulo za unyevu.

Kabla ya giza bustani ina raha yake. Watu wanarushiana mpira, wanacheza karata, wageni wa nchi kumi tofauti wanajadili nani atamtoa nani. Waingereza ambao kwenye treni hawasemeshani na mtu, hapa huanzisha mazungumzo wenyewe. Salimia, jitambulishe, gawa biskuti. Majirani wa foleni ya usiku mmoja watakulindia nafasi kuliko kufuli.

Ziba masikio na macho kama usingizi wako ni mwepesi. Mwishoni mwa Juni kunapambazuka kabla ya saa 11 alfajiri na kitambaa cha hema hakizuii mwanga.

Asubuhi, kuanzia hema hadi dirishani

Kati ya saa 11 na saa 12 asubuhi wasimamizi hupita wakiamsha watu. Amka mara moja. Mahema yote lazima yashuke ili mstari ubanwe na kutoa nafasi kwa wanaofika siku hiyo. Foleni ya kukabidhi mizigo huwa ndefu, na kila dakika unayochelewa kukunja hema inakusogeza nyuma zaidi. Fanya zoezi la kulikunja hema lako nyumbani angalau mara mbili. Hema jipya lisilotaka kurudi kwenye mfuko wake limewafedhehesha wengi. Mizigo hutunzwa kwa ada ndogo na inatakiwa ichukuliwe siku hiyohiyo, hivyo hifadhi risiti.

Ukishakabidhi rudi kwenye nafasi yako kwa namba. Yapata saa 1 na nusu asubuhi wasimamizi hupita mstarini na tepe za mkononi za viwanja vikubwa. Hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote, na wakati huo usiwe popote isipokuwa mahali pako. Watakuuliza uwanja unaoutaka kati ya vilivyobaki, watakufunga utepe wa rangi ya uwanja huo, na tepe zikiisha zimeisha. Utepe si tiketi. Ni ahadi kwamba ukifika dirishani unaweza kuinunua. Usiukate, na usimpe mtu. Kadi ya foleni nayo iendelee kukaa mfukoni, kwa kuwa itakaguliwa tena.

Baada ya hapo mstari husogea kuelekea ukaguzi wa usalama. Weka begi dogo mbele, toa chupa na vifaa vya umeme vionekane. Kisha utavuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara ya Church Road hadi madirisha ya tiketi. Mageti hufunguliwa saa 4 asubuhi. Lipa, soma tiketi papo hapo uhakikishe uwanja na tarehe, uingie.

Kwa mwenye mtoto: walio chini ya miaka 5 hawaruhusiwi kwenye viwanja vikubwa. Jua hilo kabla ya kuchukua utepe.

Ukishaingia

Viwanja vya nje huanza saa 5 asubuhi, Uwanja Namba 1 saa 7 mchana, Centre Court saa 7 na nusu. Mwenye tiketi ya Centre Court kwa hiyo ana zaidi ya saa mbili za kutazama kwingine, na tiketi yake inamruhusu. Wengi hukaa kwenye kiti chao mapema wakitazama majani. Nenda nje kwanza.

Mwenye tiketi ya viwanja vya nje achague uwanja mmoja aanze nao na aketi kabla ya saa 5. Namba 12 na 18 zina viti vingi zaidi na hujaa mapema. Viwanja vile vidogo kabisa, ambavyo vina benchi chache tu pembeni, ndivyo vinavyokuweka karibu zaidi. Ukitoka, kiti kimekwenda. Kwa hiyo pima: mechi mbili zilizofuatana ukiwa umeketi zina faida kuliko mechi sita ulizochungulia juu ya mabega ya watu.

Kuingia na kutoka kwenye viti ni pale wachezaji wanapokaa wakati wa kubadilishana upande, yaani baada ya gemu ya tatu, ya tano na kuendelea kwa namba witiri, na mwisho wa seti. Baada ya gemu ya kwanza wanabadilishana bila kukaa, kwa hiyo mlango hautafunguliwa. Utawaona milangoni askari wa majeshi ya Uingereza wakiwa na sare. Wamekuwa wakijitolea kusimamia milango hii tangu 1946. Subiri ishara yao. Simu iwe kimya, picha zisiwe na mwanga, na mdomo ufungwe mpira unapokuwa hewani. Kushangilia kosa la mchezaji kunatazamwa vibaya. Shangilia pigo zuri, hata la yule usiyemtaka.

Kama hukupata uwanja mkubwa, bado kuna nafasi ya pili. Wenye viti wanapoondoka mapema, tiketi zao hukusanywa na kuuzwa tena kuanzia saa 9 alasiri kwa sehemu ndogo ya bei yake, na mapato huenda kwenye hisani. Kujiunga ni kwa foleni ya kidijitali ndani ya programu ya simu, ukiwa tayari umeingia. Jiunge mapema mchana, halafu uendelee kutazama; usisubiri saa 9 ifike. Ukiitwa, nenda haraka. Jioni, mechi ya tatu ikiwa bado inaendelea Centre Court, viti hivi huwa dili isiyo na mfano.

Mahali pa kupumzikia ni kilima chenye skrini kubwa kando ya Uwanja Namba 1. Jina lake rasmi ni Aorangi Terrace, lakini ukiuliza jina hilo wachache watakujibu. Uliza Henman Hill, jina lililotokana na Tim Henman, Mwingereza aliyefika nusu fainali mara nne bila kuvuka. Taifa lilisubiri hadi 2013 ndipo Andy Murray akalichukua kombe, Mwingereza wa kwanza kulitwaa upande wa wanaume tangu Fred Perry mwaka 1936. Ukitaka kuelewa kwa nini watu hulala kwenye umande kwa ajili ya mchezo huu, keti kilimani hapo siku mchezaji wao anapocheza seti ya tano.

Stroberi na krimu zile mapema mchana kabla mistari haijawa mirefu. Bei yake ilikaa pauni 2.50 kuanzia 2010 hadi 2024, ikapanda hadi 2.70 mwaka 2025, na kwa London hicho ni kitu cha nadra.

Mvua

Nyasi za Wimbledon ni za aina moja, raigrasi, na hukatwa hadi milimita 8. Zikilowa kidogo tu zinateleza kama sabuni, ndiyo maana mchezo husimama kwa manyunyu ambayo kwenye mpira wa miguu hakuna ambaye angeyaona. Centre Court ina paa la kufunga tangu 2009 na Uwanja Namba 1 tangu 2019. Humo mchezo huendelea. Kwingine maturubai hutandazwa na kila mtu hungoja. Usiondoke kwa mvua ya kwanza. Mawingu ya London hupita upesi, na waliokata tamaa huacha viti vizuri kwa waliobaki. Siku ikiharibika kabisa na uwanja wa tiketi yako ukapata mchezo wa chini ya saa moja, unarudishiwa pesa. Ndiyo sababu nyingine ya kutoitupa tiketi mpaka usiku. Chini ya paa nako kuna kikomo: saa 5 usiku mchezo hukatwa, hata kama mechi imefika pabaya, na huendelea kesho yake.

Kutoka

Mechi kubwa ya mwisho inapoisha, watu wote huelekea Southfields kwa pamoja na kituo hufungwa kwa vipindi ili watu wasisongamane. Ukingoja dakika 20 kilimani hupotezi kitu. Lakini mizigo ichukue kwanza. Sehemu ya kutunzia haikungojei usiku kucha.

Na kama umepania siku ya pili, usiende kituoni. Vuka urudi bustanini, mwulize msimamizi bendera ya kesho iko wapi, chukua kadi mpya.